Nani Alimwambia Karao Aende Shule?

Jamaa aliyeanzisha hii stori yote ya polisi kusoma chuoni hakuwa amemaliza shule ya upili. Aliitwa August Vollmer, alizaliwa New Orleans mwaka wa 1876. Akiwa na umri ambao wengi wenu mko nao sai, alikuwa ameshaenda vitani Ufilipino na jeshi la Marekani, akarudi Berkeley, California, akawa mtu wa posta. Anazunguka tu mtaani akipeleka barua. Mwaka wa 1904 behewa moja likajiachilia na kuanza kuteremka barabara ya Shattuck lenyewe, bila dereva. Vollmer akalirukia, akalifunga breki. Mji mzima ukamjua. Mwaka uliofuata wakamchagua kuwa mkuu wa usalama wa mji. Umri, miaka 29. Masomo ya polisi, hakuna. Na hata angetaka kuyasoma, hakukuwa na mahali pa kuyasomea.

Naanzia hapo kwa sababu mmeniuliza sana kuhusu ile kozi ya haki jinai kwa vyuo vya jamii vya Marekani, zile za miaka miwili. Maswali yenu huwa ni mawili tu, karo na viza. Sawa, karo nitaifikia. Lakini hiyo kozi haikushuka kutoka mbinguni. Ilitengenezwa na watu waliokuwa wanabishana juu ya kitu ambacho sisi pia tunakijua vizuri sana: karao anayepiga watu, ukimpeleka shule, ataacha kupiga?

Vollmer aliamini jibu ni ndiyo. Wakati wake, kazi ya polisi katika miji mingi ya Marekani ilikuwa ya kugawiwa na wanasiasa. Umempigia mheshimiwa kampeni, ameshinda, unapewa beji na rungu, kwisha. Ushahidi ulitolewa kwa kipigo. Hicho kipigo cha kumfanya mshukiwa atapike maneno walikiita "digrii ya tatu", na kwa polisi wengi ndiyo digrii pekee waliyokuwa nayo. Vollmer hakuipenda. Mwaka wa 1908 akafungua shule ya polisi pale pale kwa idara yake, akaita maprofesa kutoka Chuo Kikuu cha California, ambacho kiko hapo hapo Berkeley. Askari wakafundishwa sheria, ushahidi, huduma ya kwanza, upigaji picha. Mwaka wa 1916 chuo kikuu chenyewe kikaanza kutoa masomo ya aina hiyo wakati wa likizo ya kiangazi. Baadaye Vollmer akaanza kuwinda wanafunzi wa chuo ili awape kazi ya polisi. Mwaka wa 1919 alimwajiri Walter Gordon, mtu mweusi wa kwanza kuwa polisi Berkeley, aliyekuwa anasomea sheria huku akipiga doria. Huyo Gordon baadaye akawa gavana wa Visiwa vya Virgin vya Marekani. Lakini wakati huo watu waliwacheka hao vijana, wakiwaita polisi wa chuo. Si mnajua vile mtu mwenye digrii hutaniwa akivaa yunifomu.

Msimchore malaika, lakini. Mambo mengine aliyoleta Berkeley aliyajifunza jeshini, akiwa Ufilipino, kwa vita vya kuwadhibiti watu ndani ya nchi yao wenyewe. Na kwenye mtaala wa shule yake kulikuwa na mafunzo ya urithi na rangi kama chanzo cha uhalifu, ati uovu unaweza kuwa ndani ya damu ya aina fulani ya watu. Kwa hivyo tangu darasa la kwanza kabisa kulikuwa na shida hii: kumpeleka polisi shule ni kitu kimoja, anachofundishwa akifika huko ni kingine.

Mwaka wa 1931 tume iliyoundwa na Rais Hoover ilitoa ripoti zake. Vollmer ndiye aliyesimamia ile ya polisi. Ripoti nyingine ya tume hiyo hiyo ilieleza digrii ya tatu wazi wazi, vile washukiwa walinyimwa usingizi na kupigwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, chuo cha San Jose, si mbali na Berkeley, kilikuwa kimeanza programu yake ya kufunza polisi. Wazo likawa limetoka mikononi mwa mtu mmoja. Lakini lilibaki dogo kwa miaka thelathini, ju halikuwa na pesa.

Sasa shikeni uzi wa pili, ule wa chuo cha jamii chenyewe. Cha kwanza cha umma ambacho bado kipo ni Joliet, jimbo la Illinois. Kilianza mwaka wa 1901 kikiwa na wanafunzi sita. Sita! Darasa lenu la tuisheni lilikuwa kubwa kuliko hilo. Mpango ulikuwa rahisi: usome miaka miwili ya kwanza ya chuo karibu na nyumbani, kwa bei ya chini, halafu ukitaka uhamie chuo kikuu ukamalize. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi walirudi na serikali ikawalipia masomo. Mwaka wa 1947 tume ya Rais Truman ikasema vyuo vya aina hii viwe vingi na vya watu wote. California haikutoza karo kwenye hivi vyuo hadi mwaka wa 1984. Katika miaka ya 60 pekee, Marekani ilifungua zaidi ya 450. Hiyo ni karibu kimoja kila wiki kwa miaka kumi. Mtu mweusi aliyekuwa na kazi ya kiwandani, mama aliyeacha shule akapata mtoto, kijana aliyefeli, mlango ukawafungukia.

Kwa hivyo kufikia katikati ya miaka ya 60 kuna majengo mapya, kuna madarasa, na kuna wazo la zamani la Vollmer. Kilichoviunganisha ni moto.

Machi 1965, askari wa jimbo la Alabama waliwapiga waandamanaji kwa daraja la Selma na dunia nzima ikaona kwa televisheni. Julai mwaka huo Rais Lyndon Johnson akaunda tume ya kuchunguza polisi, mahakama na magereza. Haijamaliza hata mwezi, Agosti 11, huko Watts, Los Angeles, polisi wa barabarani anasimamisha gari la kijana mweusi, mabishano yanazuka, mtaa unawaka siku sita. Watu 34 wakafa. Mwaka wa 1967, Newark, polisi wanampiga dereva wa teksi, watu 26 wanakufa kwenye fujo zilizofuata. Wiki iyo hiyo haijapoa vizuri, Detroit, polisi wanavamia baa isiyo na leseni usiku wa manane, watu 43. Angalia hizo tatu tena. Gari, teksi, baa. Kila moja ilianza na polisi akifanya kazi ya kawaida ya siku ya kawaida.

Tume ya Johnson ilikuwa imetoa ripoti Februari 1967, na ndani yake kuna pendekezo ambalo leo bado linashangaza: lengo la mwisho liwe kila polisi mwenye mamlaka ya kukamata awe na digrii ya miaka minne. Kila mmoja. Mwaka uliofuata, Juni 1968, Johnson akatia sahihi sheria kubwa ya kupambana na uhalifu, na ndani ya hiyo sheria mkazaliwa mpango ulioitwa LEEP. Huu ndio uliotengeneza kozi mnayoniuliza. Ulifanya kazi hivi: kama wewe ni polisi tayari, serikali inakulipia masomo, ubaki kazini. Kama bado ni mwanafunzi, inakukopesha, na kila mwaka utakaofanya kazi ya polisi, mahakama au magereza, robo ya deni inafutwa. Miaka minne, deni sufuri. Wale mnaopigiwa simu na watu wa mkopo wa elimu, vuteni pumzi kidogo.

Pesa ikaja, na vyuo vya jamii vikafungua mdomo. Katikati ya miaka ya 70 LEEP ilikuwa inatoa karibu dola milioni 40 kwa mwaka, na vyuo zaidi ya elfu moja vilikuwa vinapokea. Programu ambazo awali zilihesabika kwa makumi zikawa mamia kwa mamia. Jina nalo likabadilika. Zamani waliita sayansi ya polisi, sasa ikawa haki jinai, ju tume ilikuwa imesema polisi, korti na jela ni mfumo mmoja na usisomwe vipande vipande. Jina zuri. Lina neno haki ndani.

Lakini kabla hiyo pesa haijaanza kumwagika, kuna kitu kilikuwa kimeshatokea kilomita chache kutoka kituo cha zamani cha Vollmer, na kwangu ndio moyo wa hii historia.

Oakland imepakana na Berkeley. Unavuka barabara tu. Hapo kulikuwa na chuo cha jamii, Merritt, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Huey Newton. Newton alimaliza shule ya upili mwaka wa 1959 akiwa, kwa maneno yake mwenyewe, hawezi kusoma vizuri. Akajifunza kusoma kwa kurudia kitabu cha Plato tena na tena. Akaingia Merritt, ambako alikutana na Bobby Seale, wakapigania masomo ya historia ya watu weusi. Newton akachimba sheria. Mwaka wa 1966 alipata cheti chake cha miaka miwili, na Oktoba mwaka huo huo yeye na Seale wakaanzisha chama cha Black Panther.

Walichofanya kwanza kilikuwa cha ajabu. Waliwafuata polisi. Usiku polisi wakisimamisha mtu mweusi Oakland, Panthers wanashuka kwa gari lao, wanasimama umbali unaoruhusiwa na sheria, bunduki zikiwa wazi kwa sababu sheria ya California wakati huo iliruhusu kubeba bunduki hadharani, na Newton ana kitabu cha sheria. Anasoma kwa sauti. Anamwambia aliyesimamishwa haki zake ni zipi, na anamwambia polisi mipaka yake iko wapi. Fikiria wewe ni karao, umezoea kwamba usiku mtaani sheria ni wewe, halafu kijana wa chuo cha jamii anakusomea kifungu.

Jimbo lilijibu haraka. Mei 1967 Panthers waliingia na bunduki kwenye jengo la bunge la jimbo, Sacramento, kupinga mswada wa kukataza kubeba bunduki hivyo. Mswada ukapita, na Gavana Ronald Reagan akautia sahihi. Yaani vijana walisoma sheria, wakaifuata, na sheria ikabadilishwa. Newton mwenyewe maisha yake yalikuwa na giza pia. Mwaka wa 1968 alipatikana na hatia ya kuua polisi mmoja bila kukusudia, rufaa ikafuta hukumu mwaka wa 1970, na yeye akauawa kwa risasi Oakland mwaka wa 1989. Sitaki mtu aniambie namuuza kama shujaa wa fulana. Ninachosema ni kwamba serikali ilipokuwa bado inapanga kumpeleka askari darasani, mtu anayepigwa na askari alikuwa ameshafika huko na ameshachukua noti.

Na wale mliokuwa mkisambaziana picha za Kifungu cha 37 na cha 49 cha Katiba yetu Juni 2024, mkijua ukikamatwa lazima ufikishwe kortini ndani ya saa 24, nyinyi mnaelewa hiyo hisia bila mimi kueleza.

Turudi kwa pesa. Mwaka wa 1978 mwanasosholojia kijana, Lawrence Sherman, akiwa na tume ya kitaifa ya kuchunguza masomo ya polisi, alitoa ripoti ambayo iliwauma wengi. Alichokuta ni hiki. Walimu wengi walikuwa polisi wastaafu, wanaingia darasani na kusimulia vita vyao vya zamani. Vyuo vingine vilihamishia darasa kwa kituo cha polisi, kwa hivyo polisi anasoma na polisi, anafundishwa na polisi, kwa chumba cha polisi. Masomo yalikuwa vile unajaza fomu, vile unashika silaha, vitu ambavyo ungejifunza kwa kikosi bila chuo. Ripoti ikasema wazi kwamba zile kozi za miaka miwili za vyuo vya jamii, zinazoishia hapo bila kuendelea mbele, ziondolewe polepole.

Mimi hapo napinga nusu. Kwamba masomo yalikuwa mepesi, nakubali. Wakati huo serikali ilihesabu vyeti, na ukihesabu vyeti utaletewa vyeti. Lakini dawa ya Sherman ilikuwa kumhamishia polisi chuo kikuu cha miaka minne, akasome falsafa na historia na watu tofauti. Sawa kabisa, ila wale watu tofauti walikuwa wapi? Walikuwa kwa chuo cha jamii! Mama wa Watts hakuwa chuo kikuu. Alikuwa darasa la jioni, karibu na kituo cha basi. Kosa halikuwa jengo, kosa lilikuwa kumtoa polisi ndani ya lile darasa lenye kila mtu na kumpeleka akasome na wenzake kwa kituo. Na chuo kikuu nacho si dawa. Berkeley kwenyewe, ile shule ya kriminolojia iliyokua kutoka kwa kazi ya Vollmer, ilipopata walimu na wanafunzi walioanza kuhoji polisi ni wa nani, ilifungwa mwaka wa 1976. Walitaka polisi asome, lakini si mpaka aulize maswali.

LEEP ilififia mwanzoni mwa miaka ya 80, serikali ikaacha kuilipia. Kozi zikabaki, ju kozi ikishakuwa na walimu na wanafunzi hufi kirahisi. Na ile ndoto ya kila polisi awe na digrii? Takwimu za serikali ya Marekani za 2013 zinaonyesha kwamba kwa idara za polisi za miji na kaunti, asilimia 84 zilitaka cheti cha shule ya upili tu. Zilizotaka miaka miwili ya chuo, asilimia 10. Zilizotaka digrii ya miaka minne, asilimia 1. Miaka 46 baada ya ile ripoti ya Johnson. Moja.

Kuna jimbo moja lililochukua hili jambo kwa uzito kuliko mengine. Tangu mwisho wa miaka ya 70, Minnesota imetaka polisi wake wawe na masomo ya chuo ya miaka miwili kabla ya kupewa leseni, na wengi huyapata kwa vyuo vya jamii. Minnesota. Mji wake mkubwa ni Minneapolis. Mnajua ninakoelekea. Mei 25, 2020, Derek Chauvin alimpigia George Floyd goti shingoni hadi akafa. Chauvin alikuwa na digrii ya masomo ya polisi, ya miaka minne. Thomas Lane na Alexander Kueng, waliomsaidia kumshikilia Floyd chini, wote walikuwa wamehitimu chuo kikuu. Wasichana na wavulana wa darasa la Vollmer, kama mngeuliza karatasi pekee.

Najua mtu ataandika hapo chini, "kwa hivyo shule ni bure." Pole, hutanipata hapo, hata kama mimi mwenyewe nilitoka chuo kabla ya kuvaa kofia. Utafiti wa 2010 uliofanywa kwa miji miwili ya Marekani ulikuta polisi waliosoma chuo walitumia nguvu mara chache kuliko ambao hawakusoma. Lakini utafiti huo huo ukakuta kwamba kwa kukamata na kupekua watu, masomo hayakubadilisha kitu. Yaani aliyesoma atakupiga kidogo, lakini atakusimamisha vile vile. Na Watts, Newark na Detroit zote zilianza na watu kusimamishwa na kuvamiwa, kabla ya kipigo.

Sasa karo. California, mkazi wa jimbo analipa dola 46 kwa yuniti. Cheti cha miaka miwili ni yuniti 60 hivi, kwa hivyo dola 2,760 kwa masomo yote, na wengi wa kipato cha chini hawalipi hata hiyo. Wewe unayetoka Kasarani na viza ya mwanafunzi hulipi hiyo bei. Unalipa mara kadhaa zaidi. Na kazi nyingi za polisi huko zinataka uraia, zile za serikali kuu ndizo kabisa. Kwa hivyo kama mpango wako ni miaka miwili halafu beji, kuna mtu anakudanganya, na pengine ni wakala anayekula kamisheni. Kama mpango ni kusoma miaka miwili, kuhamia chuo kikuu, na kuelewa vile korti na jela zinafanya kazi ili urudi usimame na watu, hiyo ni hesabu nyingine, fanyeni na wazazi mezani, na karatasi.

Na mjue mtakayekaa naye darasani si lazima awe anataka kuwa karao. Mwaka wa 1994 sheria nyingine ya uhalifu ilikuwa imewanyima wafungwa ruzuku ya masomo ya serikali, ile inayoitwa Pell, na vyuo vilivyofundisha magerezani vikafunga virago karibu vyote. Ruzuku ilirudi kikamilifu Julai 2023. Gereza la San Quentin liko ng'ambo ya ile ghuba ambayo Berkeley na Oakland ziko ufukweni mwake. Ndani ya kuta zake kuna chuo cha miaka miwili, Mount Tamalpais, kilichopata ithibati mwaka wa 2022, na wanafunzi wake wote ni wafungwa. Merritt nayo bado ipo, ilihamia mlimani miaka ya 70. Ukifungua orodha ya kozi zake leo, haki jinai imo, muhula unaanza Agosti.